Vyuma vya Kuparamia

Liko simulizi moja katika maandishi ya Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwezi Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Grant, ambalo nadhani halisomwi vya kutosha huku kwetu. Mfalme Rumanyika alimweleza jinsi mrithi wa kiti alivyopimwa. Aliketishwa mahali fulani, na ardhi ikainuka naye hadi mbinguni. Kama mizimu ilimkubali, ardhi ilimteremsha taratibu. Kama haikumkubali, iliporomoka ghafla naye akavunjika vipandevipande. Rumanyika alisema kwamba yeye mwenyewe alipitia jaribio hilo akashuka salama. Speke, kwa mzaha, akamwuliza kama huko juu palikuwa na baridi. Mfalme akacheka, akakiri kwamba ilikuwapo.

Wanahistoria huona humo hoja ya utawala, maana Rumanyika aligombea kiti na ndugu yake Rogero mpaka wakapigana vita. Sibishani nao. Lakini mimi husikia humo pia sauti ya mtu aliyewahi kuwa mtoto, akapanda mahali pa juu, akatazama chini, asijue kama atashuka mzima.

Basi, ndugu msomaji, nije kwenye vyuma vyenyewe. Nasema yale mabomba yaliyochomelewa kwa mirabamraba, ambayo siku hizi huonekana katika baadhi ya shule za awali kando ya bembea. Historia yake haikuanzia kwenye michezo. Ilianzia kwenye hesabu. Charles Howard Hinton, Mwingereza aliyefundisha Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880, aliamini kwamba akili ya binadamu ingeweza kuufahamu upande wa nne wa vitu kama ingezoeshwa mapema zile pande tatu. Akawajengea watoto wake fremu ya mianzi, akawa anataja namba tatu kwa mkupuo, nao washindane kufika pale namba hizo zinapokutana. Watoto hawakujali namba. Walipenda kupanda tu.

Mmoja wao, Sebastian, alikuja kuwa mwanasheria huko Chicago. Mwaka 1920 aliikumbuka mianzi ya baba yake, akaisimulia kwa watu wa shule za Winnetka, nao wakamsaidia kuitengeneza kwa mabomba ya chuma. Hataza zilitolewa mwaka 1923, mwaka uleule aliofariki. Kutoka hapo vyuma vikaenea duniani.

Huku kwetu havikuwa na haraka ya kufika, na sababu ni rahisi: tulikuwa na miti. Mtoto wa Karagwe alijifunza kupanda kwenye mpera, kisha mwembe, kisha mparachichi wa nyuma ya kibanja, na mibuni mirefu ya robusta ilikuwa kazi na mchezo kwa pamoja. Chuma nacho hakikuwa kigeni. Wahunzi wa Karagwe walisifika, na katika hazina ya wafalme wa Bweranyange walikuwamo hata ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Ila hakuna aliyewaza kukifanya kitu cha kuchezea watoto.

Miti ilipungua polepole, kisha kwa haraka. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu kwa maelfu, na mpaka waliporudishwa Desemba 1996, vilima vingi vya karibu na kambi vilikuwa vimekatwa kuni na nguzo. Siwalaumu, mtu hapiki kwa mawe. Mahali pengi palipopandwa upya pakapandwa mikaratusi, mti mzuri kwa nguzo na usiofaa kitu kwa mtoto, kwa kuwa hauna tawi la chini la kushika. Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ilirithi mikaratusi hiyo pia.

Lakini kuna jambo ambalo chuma kilileta na mti haukuweza kulileta. Nilipokuwa mdogo wazee walisema ni mwiko mwanamke kupanda mti, kama walivyosema majirani wetu wa Buganda. Dada zangu walisimama chini wakingoja tuwadondoshee mapera, mara nyingi yale mabovu. Vyuma si mti, wala wazee hawakuachia mwiko wowote kuhusu mabomba. Mara ya kwanza nilipoona wasichana watano wameketi kwenye bomba la juu kabisa, wakibishana nani ashuke kwanza, nilisimama nikawatazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Ndiyo maana nilihudhuria kikao cha kamati ya shule moja, ambayo sitaitaja, baada ya mtoto kuvunjika mkono. Wengi walitaka vyuma ving'olewe viuzwe chakavu. Hofu yao ilikuwa ya haki: mabomba yalisimikwa kwenye udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa kama saruji, na nafasi nyingine zilikuwa kati ya sentimita 9 na 23, kipimo ambacho mafundi wa nchi nyingine hukikwepa kwa sababu mwili wa mtoto hupita na kichwa kikakwama. Nilisema kosa ni la ardhi na la kipimo, si la kupanda. Mama mmoja akaniuliza kama aliyevunjika ni mwanangu. Nikanyamaza, maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Aliyetuamua ni mama wa mtoto mwenyewe. Alisema binti yake anauliza kila siku bandeji itatolewa lini apande tena.

Ikakubaliwa bomba la juu likatwe, nafasi mbaya zichomelewe, na mchanga uletwe. Bomba lilikatwa wiki hiyohiyo. Mchanga ulingoja mpaka baada ya msimu wa kahawa.