Upande wa Pili wa Karatasi: Picha za Maandishi ya Wazee Wetu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo vijana wengi hudhani ni la Wazungu na vyuo vyao tu, nalo ni kupiga picha vitu vya kale vilivyohifadhiwa katika maktaba na nyumba za kumbukumbu.

Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Brussels, kuna Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, mahali paitwapo Tervuren. Miongoni mwa nyaraka zake zimo barua na mikataba ya miaka ya 1880 na 1890 kutoka Kongo ya mashariki, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, yote kwa herufi za Kiarabu. Xavier Luffin, mwalimu wa Kiarabu wa chuo kikuu cha Brussels, amezisoma kwa miaka mingi, na mwaka 2020 alitoa kitabu kizima juu ya hati hizo na nyingine za aina yake zilizoko Ubelgiji. Sisi tunaokaa Kigobe, ambao mawingu yakiondoka tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hatuwezi kusema hayo ni mambo ya mbali. Uislamu na Kiswahili vilifika kwetu kwa njia hizohizo za misafara na mitumbwi, kutoka Ujiji na kwingineko kandokando ya Tanganyika. Walioandika barua zile walikuwa majirani na washirika wa biashara wa watu waliotuletea sisi juzuu ya kwanza.

Sasa, mwanafunzi wa Bujumbura atafikaje Tervuren? Viza si jambo dogo, na tiketi ya ndege ndiyo usiseme. Kwa mwanafunzi huyo picha ndiyo barua yenyewe, na kisichoonekana katika picha kwake hakipo. Ndiyo maana tunasema kazi ya kupiga picha karatasi ya kale si ya kufanywa ovyo.

Chukulia nukta tu. Kila aliyepita chuoni anajua kwamba ba, ta, tha na nun hutofautiana kwa nukta. Katika Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi hizo mambo ni mazito zaidi, kwani waandishi wengi walitumia ba hiyo hiyo kwa sauti ya b, ya p na hata ya mb. Msomaji tayari anahangaika kujua kama neno ni "paa" au "baa". Picha ikiwa na ukungu kidogo, nukta moja ikapotea, jina la mtu linageuka na kuwa la mwingine, na deni la huyu linakuwa la yule.

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa vizuri uko Lamu. Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, mwenye asili ya Ngazija, una maktaba ya vitabu vya mkono: fiqhi, nahau, maulidi, kasida na mengineyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mtafiti Anne Bang kutoka Norway pamoja na watu wa Riyadha wenyewe walivipiga picha zaidi ya vitabu 100, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya nyaraka zilizo hatarini kupotea. Mpango huo una sharti moja ambalo sisi tunaliona ni la haki: kitabu chenyewe hakiondoki nchini mwake. Zinazosafiri ni picha, na nakala ya picha hizo hubaki kwa wenyewe pia. Faida yake ilionekana Oktoba 2023, wezi wa mtandao walipoivamia Maktaba ya Uingereza na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Tajiri naye huibiwa, basi.

Wapigapicha wa kazi kama hiyo hupiga kila ukurasa, hata ulio mtupu, na jalada nje na ndani. Mtu anaweza kuuliza, ukurasa mtupu una nini? Una mengi. Mara nyingi katika ukurasa wa mwanzo au wa mwisho ndipo pameandikwa kwamba kitabu hiki ni wakfu, kimetolewa na fulani kwa wanafunzi wa mahali fulani, na kwamba hakiuzwi wala hakirithiwi. Wengine waliandika humo tarehe ya kuzaliwa mtoto. Matini ya fiqhi utaikuta imechapwa Cairo kwa maelfu, lakini mistari miwili ile ya wakfu haipo popote duniani isipokuwa hapo.

Chini ya ukurasa, pembeni kushoto, kuna neno moja limekaa peke yake. Hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, liliwekwa kwa sababu kurasa hazikuwa na namba. Uzi ukikatika na karatasi zikachanganyika, neno hilo ndilo linalozirudisha katika mpango wake. Mpigapicha anayekata pembe ili picha ipendeze amelitupa.

Vipo pia vitu visivyoonekana mpaka mwanga ubadilishwe. Karatasi nyingi zilizotumika pwani zilitoka Italia, na mojawapo iliyopendwa sana ilikuwa na alama ya miezi mitatu iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Ukiweka mwanga nyuma yake, miezi inatokea. Ukiweka mwanga ubavuni, chini sana, unaona mifereji ya mistari isiyo na wino: mwandishi aliikandamiza karatasi juu ya ubao uliotandikwa nyuzi ili maandishi yake yanyooke. Ubao wa namna hiyo mtoto wa leo akiuona atadhani ni chombo cha muziki.

Safari za maandishi yetu ni za ajabu kweli. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, nazo leo ziko Goa, India. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, nakala ya mwaka 1728, uko Hamburg. Kwa upande mwingine J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya na kunakili maandishi kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Hayo yamebaki Afrika Mashariki.

Na yetu je? Wako waliokimbia mwaka 1972 na mwaka 1993 bila kubeba hata kantini ya nguo. Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Mwaka 2020 Rusizi iliifurikia Gatumba, na mwaka 2024 Tanganyika lilipanda na kuingia majumbani ufukweni. Wino wa masizi na gundi ya mti ukiguswa na maji hausubiri. Karatasi ya babu iliyoko chini ya kitanda Buyenzi au Rumonge iko hatarini kuliko zile za Tervuren, tukubali tusikubali.

Hivyo basi, mwenye simu nzuri aanze nyumbani, baada ya kuomba idhini ya wenye karatasi. Mikono ioshwe na kukaushwa vizuri. Watu wengi hudhani glovu nyeupe ni lazima, kumbe kwa karatasi mikono safi na mikavu ni bora, kwani glovu hunyima vidole hisia na karatasi huchanika. Usitumie mwako wa simu. Tandika kitambaa cha rangi moja karibu na dirisha, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, piga kutoka juu moja kwa moja, kingo zote zionekane, kisha geuza upande wa pili. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja.

Ama kuhusu kusambaza, hapo tuwe na adabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni, na wazee wetu waliyaandika kweli. Katika karatasi hizo mna madeni, talaka na ugomvi wa mirathi, na wajukuu wa wahusika bado tunaswali nao safu moja. Picha ya namna hiyo ikae kwa familia mpaka wenyewe waamue, isirushwe kwenye makundi ya simu.

Na hirizi iliyoshonwa isifumuliwe. Ipigwe ikiwa imeshonwa vivyo hivyo, pande zote, rula ikiwa pembeni yake.