Mlo Mmoja kwa Siku: Hesabu ya Mwili na Hesabu ya Meza Kwa Mrombo

Kula mlo mmoja kwa siku ni kukusanya chakula chote cha saa 24 katika kikao kimoja, aghalabu cha saa moja hivi, na muda wote uliobaki kunywa maji, chai ya rangi au kahawa isiyo na sukari wala maziwa. Ni tawi kali la kile kinachoitwa kufunga kwa vipindi. Wenzake katika ukoo huo ni wale wanaokula ndani ya saa nane na kufunga 16, na wale wanaokula kawaida siku tano za wiki na kujibana siku mbili. Wengi wanaouanza wanataka kitu kimoja: kupunguza mwili, hasa kitambi.

Jina ndilo jipya, jambo lenyewe ni la siku nyingi. Wanachuo na vibarua wa Tanzania huliita kupiga pasi ndefu: unaunganisha chai na chakula cha mchana, unakula mara moja, mzigo wa kutosha, ukufikishe mbali kwa hela ndogo. Anayepiga pasi ndefu anatafuta kinachokaa tumboni, ugali mkubwa au wali maharage wa kushindilia. Anayepunguza mwili anafanya kitendo kilekile cha kuruka milo, ila sahani yake inapaswa kuwa nyingine kabisa, na wengi hukosea hapo. Wala utaratibu huu si funga ya Ramadhani. Mfungaji ana futari na daku, tena mchana hanywi hata maji. Tafiti nyingi za waliofunga Ramadhani zimeonyesha kwamba uzito hupungua kidogo, kama kilo moja hivi, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Uhitaji upo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 36. Ongezeko hilo limetokea chini ya miaka kumi, na mijini ndiko linakoonekana zaidi.

Saa 24 ndani ya mwili

Ukimaliza kula, sukari huingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, na insulini huamuru mwili utumie sukari hiyo na kuweka akiba. Akiba ya kwanza ni glaikojeni, wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli. Ini hubeba kama gramu 100 tu. Saa zinavyosonga bila chakula, insulini inashuka, ini linatoa akiba yake ili ubongo usikose sukari, na baada ya nusu siku hivi mafuta ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi. Ini huyageuza baadhi ya mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo ubongo pia unaweza kuzitumia.

Hapo ndipo wanaoupigia debe utaratibu huu husimama na kushangilia: mwili unachoma mafuta! Ni kweli unayachoma. Lakini mlo ukifika, mwili huweka mafuta tena, na kinachoamua kitambi kipungue au kibaki ni tofauti kati ya kilichotoka na kilichoingia kwa siku na kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Mtu anayekula pungufu ya kalori 550 kila siku atapoteza takriban nusu kilo kwa wiki, awe amekula kwa mlo mmoja au kwa mitano.

Ile furaha ya wiki ya kwanza, mizani ikishuka kilo mbili au tatu, nayo ina maelezo yake. Kila gramu ya glaikojeni hushikamana na gramu kama tatu za maji. Akiba ikipungua, maji hutoka kwa mkojo. Siku utakayokula wali wa kutosha yatarudi, na watu wengi huvunjika moyo siku hiyo bila sababu, kwa kuwa mafuta waliyoyapoteza hayajarudi.

Utafiti uliopima mlo mmoja wenyewe ni mchache. Unaotajwa zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2007: watu wazima wa uzito wa kawaida walikula milo mitatu kwa wiki nane, na kwa wiki nane nyingine wakala chakula cha kiasi kilekile kwa mlo mmoja, kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku. Waliomaliza ni 15 tu. Kwenye mlo mmoja mafuta ya mwili yalipungua kidogo. Lakini njaa iliongezeka kadiri siku zilivyokwenda badala ya kuzoeleka, na shinikizo la damu na kolesteroli vilikuwa juu kuliko walipokula mara tatu. Utafiti mkubwa zaidi wa jamaa wa karibu, kula ndani ya saa nane, ulifanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene wa kupindukia na kuchapishwa 2022. Kwa mwaka mmoja, waliopunguza kalori na kubanwa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, waliopunguza kalori tu walipungua 6.3. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi.

Kwa hiyo mimi naamini hivi: mlo mmoja unasaidia kwa kuwa ni sheria rahisi kuishika. Huhitaji kupima kijiko wala kuhesabu vitafunwa, kwa sababu vitafunwa havipo. Anayeweza kuishi na sheria ya namna hiyo ataipenda. Ila sheria hii ina mlango mmoja tu, na mlango huo ukiachwa wazi, yote ya mchana yamepotea.

Meza yenyewe

Kwa Mrombo iko kusini mwa jiji la Arusha, upande wa Muriet, na mtu wa Arusha akiitaja huwa anataja nyama choma. Unaingia, unachagua pande lililoning'inia, linapimwa, linapelekwa kwenye mkaa. Halafu unasubiri. Jioni ya Arusha, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ina baridi inayoamsha njaa, hasa Juni na Julai Mlima Meru unapojifunika wingu kutwa. Moshi unapita usoni. Mchomaji anakukatia kipande cha kuonja. Rafiki anaagiza bia ya kusubiria. Nyama inakuja kwenye ubao, inakatwakatwa mbele yenu, chumvi pembeni, kachumbari, pilipili, ndizi za kuchoma. Mikono mitano inaingia ubao mmoja.

Tazama saa. Mlango wa mlo umefunguliwa saa 12 jioni kwa kipande cha kuonja na utafungwa saa 4 usiku. Ndizo karibu saa zilezile za utafiti wa 2007, isipokuwa kule kila punje ilipimwa.

Sasa tupime. Nusu kilo ya mbuzi mbichi, ukitoa mfupa na maji yaliyokauka motoni, inabaki nyama ya kula kama gramu 250. Hiyo ina kalori karibu 360 na protini kama gramu 67. Ndizi mbili za kuchoma, kalori kama 300. Sahani ya chips, 700. Bia nne za mililita 500, kila moja kama 200, jumla 800. Mezani pamefika 2,160. Mwanamke wa kazi ya kukaa, ambaye mwili wake kwa siku unatumia 1,800 au 2,000, amefunga kutwa nzima, amevumilia kichwa kuuma saa nane mchana, na usiku amevuka mahitaji yake. Na ukitazama vizuri, mbuzi anayelaumiwa kila mara ni sehemu moja tu kati ya sita. Zilizozidi zimetoka kwenye chupa na kwenye karai la mafuta. Ng'ombe wa mbavu zenye mafuta ni habari nyingine. Gramu 250 zake zinaweza kufika 600 au 700.

Kuna anayesema atazichoma kalori hizo kwa kutembea. Atembee, mguu ni afya. Ila jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wametufundisha jambo hapa. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia na kuchapisha matokeo 2012: watu hawa wanaokwenda kwa miguu kila siku kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, ukishazingatia ukubwa wa miili yao, walikuwa wanatumia nishati kwa siku sawasawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una namna yake ya kubana matumizi kwingine. Bia nne hazilipiki kirahisi kwa mguu.

Bia ina hatari nyingine kwa aliyefunga, na hii naisema kwa uzito. Pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya. Mtu aliyekaa saa 22 bila chakula ana akiba ndogo kwenye ini. Akianza na bia mbili huku nyama ikiwa bado motoni, sukari yake inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Watakaomwona watasema amelewa haraka. Chakula kwanza.

Yanayosemwa, na yasiyosemwa

Onyo la kwanza utakalopewa na shangazi, jirani na dereva wa bodaboda ni vidonda vya tumbo. Njaa haileti vidonda. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimbaini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupewa Nobel mwaka 2005. Vingine hutokana na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Lakini shangazi hajakosea kabisa: mwenye vidonda tayari anaweza kuumia zaidi tumbo likiwa tupu, na dawa hizo zikinywewa bila chakula ni mbaya. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuamsha usiku yapimwe kabla ya kuanza kufunga.

Jambo ambalo hulisikii, na huku ni kubwa, ni maji. Kila mshauri wa kufunga anasema kunywa maji mengi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi kwenye chemchemi na visima vingi vya ukanda huu, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia huku ndiyo ushahidi wake, na kiwango kikubwa kwa miaka mingi huingia hadi kwenye mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Anayepanga kunywa lita tatu kwa siku ajue maji yake yanatoka wapi, na apunguze magadi kwenye makande na maharage, maana nayo hubeba floraidi.

Gauti nayo ina watu wake Arusha. Kufunga muda mrefu hupandisha asidi ya yuriki, nyama huongeza, bia huongeza tena. Mwenye historia ya kidole gumba cha mguu kuvimba usiku anavichanganya vitatu hivyo kwa maumivu yake mwenyewe. Kupungua kwa kasi mno, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, huongeza uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Wapo ambao utaratibu huu hauwahusu: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima au kubugia chakula. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi asiruke mlo kabla daktari hajampangia dozi upya. Dawa inaendelea kushusha sukari hata kama sahani haijaja, na sukari ikishuka sana inaua.

Kuuanza, kwa anayeuweza

Anza na chai ya saa nne: ondoa chapati na maandazi. Baada ya wiki mbili sogeza mlo wa kwanza hadi saa saba mchana, ubaki na milo miwili. Wengi wanapaswa kuishia hapa, na naona hakuna aibu yoyote. Anayeendelea, mlo wake uwe saa tisa au kumi alasiri badala ya usiku, kwa kuwa mwili hushughulikia sukari vizuri zaidi mchana. Sahani iwe na protini ya kutosha, maana anayepungua bila protini hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mtu wa kilo 70 alenge gramu 80 hivi. Nyumbani kwa ugali na mboga pekee ni vigumu kuzifikisha katika mlo mmoja. Ongeza mayai, maharage, dagaa, mtindi. Mnafu na sukuma ziwe nyingi, na nusu parachichi. Jipime mara moja kwa wiki, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kwani kiuno hakidanganywi na maji.

Jiandae pia kuulizwa. Huku mtu akipungua ghafla watu hunong'ona kwamba anaumwa, kumbukumbu za miaka ya UKIMWI bado zipo. Waambie mapema wa nyumbani unachofanya.

Na siku ya Kwa Mrombo ikifika, fika mapema, alasiri, kabla ya mkaa kuzungukwa. Kipande cha kuonja kikatae kwa upole. Ubao wa mikono mitano hauhesabiki, hata na mtu mwenye nia njema, basi mwambie mchomaji robo yako aikate peke yake, aiweke kwenye sahani yako, na kachumbari maradufu.