Redio Iliyolipiwa na Wasikilizaji Wake



Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda katika redio nyingi za miji yetu. Familia ikifiwa, mtu hutumwa na karatasi ya tangazo, analipa, na jioni jina la marehemu linasomwa. Mfanyabiashara hulipa ili bidhaa yake isifiwe. Mwanasiasa naye hulipa, ingawa risiti yake haionekani sana. Lakini yule anayekaa nyumbani na kusikiliza, ambaye kwa ajili yake tunasema redio ipo, halipi kitu chochote. Je, mtangazaji anamtumikia nani?

Swali hilo liliulizwa kwa ukali, zaidi ya miaka 70 iliyopita, mbali na huku: katika mji wa Berkeley, jimbo la California, nchini Marekani. Aliyeliuliza ni Lewis Hill, mzaliwa wa Kansas City wa mwaka wa 1919. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa miongoni mwa vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, akapelekwa kambini kufanya kazi za mikono badala ya kwenda vitani. Baadaye alipata kazi ya kusoma habari redioni mjini Washington. Hapo aliyaona kwa macho yake mambo ambayo angeyaandika miaka michache baadaye: mtu mwenye sauti nzuri hupewa karatasi ambayo hakuiandika, na mshahara wake unategemea kuisoma kama kwamba anayaamini yaliyomo. Kwa maoni ya Hill, redio ilianza kuharibika hapo, katika kinywa cha mtangazaji. Kabla ya kumdanganya msikilizaji, mtu yule amekwisha kuzoezwa kujikana mwenyewe.

Akaacha kazi, akahamia California, na mwaka wa 1946 yeye na wenzake wakaandikisha shirika waliloliita Pacifica. Tarehe 15 Aprili 1949 kituo chao, KPFA, kilianza kusikika. Hakikuuza matangazo ya biashara. Hakikuwa cha serikali wala cha chuo kikuu. Kilitaka kuishi kwa mchango wa hiari wa wale wanaokisikiliza, dola 10 kwa mwaka.

Tufikiri kidogo juu ya mpango huo, kwa sababu ulionekana kama upumbavu. Gazeti lina mlango: usipolinunua, hulisomi. Redio haina mlango. Mawimbi yake huingia katika nyumba ya aliyelipa na ya asiyelipa vilevile, na hakuna njia ya kumfungia mtu sauti. Hill hakulificha jambo hilo; alijenga juu yake. Alihesabu kwamba iwapo watu 2 tu katika kila 100 wanaoweza kukipata kituo wangekubali kuchanga, kituo kingeishi. Wale 98 wangesikiliza bure, na hakuna ambaye angewaita wezi. Lakini yule anayelipa hali hakulazimishwa, akijua wazi kwamba angeweza kusikia bila kutoa kitu, anatamka kwa mchango wake kwamba anaitaka redio hiyo. Na mtangazaji anayelishwa na watu wa namna hiyo hawezi tena kujificha nyuma ya bwana mwingine. Akisema uongo, ni wao anaowadanganya. Akisema jambo zito na la kweli ambalo wengi hawalipendi, ni wao pia watakaomwezesha kulisema tena kesho.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kituo kilitangaza kwa masafa ya FM, na siku hizo watu wachache tu walikuwa na chombo cha kuyapokea. Mwezi wa Agosti 1950 fedha zilikwisha, na KPFA kikanyamaza.

Kimya hicho, kwa maoni yangu, kina uzito kuliko siku ya ufunguzi. Kama redio ile ingekuwa ya mfanyabiashara, ingefungwa, vyombo vingeuzwa, na majirani wangetafuta kituo kingine. Huko Berkeley wasikilizaji walikusanyika, wakakusanya fedha, wakatafuta wachangiaji wapya, na mwezi wa Mei 1951 kituo kilirudi hewani. Mwaka huohuo kikapata msaada wa dola 150,000 kutoka mfuko wa elimu ya watu wazima uliofadhiliwa na shirika la Ford. Tusidanganyane, basi: senti za wasikilizaji peke yake hazikutosha. Lakini mfadhili mkubwa alikuja baada ya wadogo kukataa kituo kife, na nadhani mpangilio huo si wa bahati tu.

Msikilizaji aliyechanga alipelekewa nini? Kijarida cha ratiba kiitwacho Folio. Mwanzoni kilitoka kila majuma mawili, na baadaye kila mwezi. Ndani yake kila kipindi kilitajwa kwa siku na saa. Hiki ni kitu kidogo, lakini mtu mwenye kijarida mezani hasikilizi kama yule anayeacha redio ikilia huku akimenya viazi. Anaweka alama na kujipanga. Anajua kwamba jioni fulani kuna hotuba asiyotaka impite. Na kituo nacho, kikiisha kuandika ratiba na kuituma nyumbani kwa watu, kimefungwa na neno lake. Ahadi ya hewani husahauliwa upesi. Iliyochapwa inakaa.

Katika ratiba hizo vilikutana vitu ambavyo kwingine visingekaa pamoja. Mshairi Kenneth Rexroth alizungumzia vitabu. Alan Watts alieleza mafundisho ya dini za Asia. Pauline Kael, ambaye baadaye alikuwa mhakiki mashuhuri wa filamu, alizichambua filamu kwa miaka kadhaa bila mshahara, hata siku moja akalalamika hewani juu ya jambo hilo na kujiondoa. Walikuwepo muziki wa wataalamu na vipindi vya watoto. William Mandel alieleza yaliyoandikwa katika magazeti ya Urusi ya Kisovieti, katika miaka ambayo kutaja Urusi tu kulitia watu hofu. Na katika kituo hichohicho alisema pia Caspar Weinberger, mtu wa chama cha Republican, aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi wa rais Reagan. Wachangiaji wengi hawakupatana na wote hawa wawili. Walilipa wasikike hata hivyo.

Hill mwenyewe hakuuona matunda yote. Ugomvi wa ndani ulimtoa kituoni mwaka wa 1953, akarudi mwaka uliofuata. Ugonjwa wa viungo ulimtesa kwa muda mrefu, na tarehe 1 Agosti 1957, akiwa na umri wa miaka 38, aliutoa uhai wake kwa mkono wake mwenyewe. Naandika jambo hilo kwa huzuni, bila kutaka kulifunika.

Kazi iliendelea. Mwaka wa 1959 Pacifica ilifungua kituo Los Angeles, na mwaka wa 1960 tajiri mmoja, Louis Schweitzer, akaipa bure kituo chake cha New York, WBAI. Kituo hicho kilipomruhusu aliyekuwa mpelelezi wa FBI kusema wazi kasoro za idara ile, kamati ya Baraza la Seneti iliwaita viongozi wa Pacifica mwaka wa 1963, na tume ya serikali inayotoa leseni za redio ikachelewesha leseni zao. Mwezi wa Januari 1964 tume ilizitoa, ikieleza kwamba iwapo kila maneno yanayochukiza yangekuwa sababu ya kufunga redio, yangebaki yale yasiyomgusa mtu. Mjini Houston, ambako kituo cha nne kilianza mwaka wa 1970, maadui hawakungoja tume: mtambo wake ulilipuliwa kwa bomu mwezi wa Mei, na tena mwezi wa Oktoba mwaka uleule.

Wakati huo dola ya Marekani ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya mwaka wa 1967 ya kusaidia redio na televisheni za umma kwa fedha za taifa. Redio nyingi zilizozaliwa katika mpango huo ziliiga desturi ya Berkeley, yaani siku maalumu za kuwaomba wasikilizaji mchango. Wengine huzichoka siku hizo, nami nawaelewa. Lakini mwaka wa 2025 Kongresi ilipofuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimepangiwa vyombo hivyo, vituo vilijikuta vinawageukia walewale waliowahi kuombwa.

Limebaki jambo moja ambalo Hill hakulimaliza. Anayelipa kwa hiari, je, ana sauti katika uongozi? Kwa miaka mingi Pacifica iliongozwa na halmashauri ambayo wasikilizaji hawakuichagua. Mwezi wa Julai 1999 halmashauri hiyo iligombana na watangazaji wa KPFA, ikawafungia nje ya jengo lao, na mtangazaji mmoja alikamatwa na polisi. Tarehe 31 Julai watu wapatao 10,000 waliandamana Berkeley kwa ajili ya redio yao. Wasikilizaji walikwenda hadi mahakamani. Mapatano yalifikiwa mwishoni mwa mwaka wa 2001, na tangu kanuni mpya za mwaka wa 2003, wachangiaji wana haki ya kupiga kura kuchagua wajumbe wa halmashauri ya kituo chao. Uchaguzi huo umeleta makundi, maneno makali na gharama nyingi, na madeni ya Pacifica hayakwisha. KPFA bado kinasikika kwenye 94.1 FM, na mara kadhaa kwa mwaka kinasimamisha vipindi vyake na kuomba.