Texas: Enzi ya 'Doom' na mafundi wake wa ridhaa

Abiria anayeshuka katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dallas–Fort Worth, ambao sehemu yake imo ndani ya mipaka ya mji wa Irving, huona maghala, barabara pana na majengo ya ofisi yaliyofunikwa vioo.

Ni vigumu kwake kudhani kwamba vitongoji vinavyolizunguka jiji la Dallas vilikuwa, katika miaka ya 1990, kitovu cha harakati ya watu waliotengeneza michezo ya kompyuta usiku, baada ya kazi au masomo, bila malipo.

Hata hivyo, wapo watu waliokwishafika umri wa miaka 40 na 50, waliotawanyika kutoka Norway hadi New Zealand, ambao wakisikia jina la Mesquite au Garland hushikwa na hamu ileile inayomshika mtu akitajiwa kijiji alichokulia. Wengi wao hawajapata kukanyaga Texas.

Chimbuko

Garland, kaskazini mashariki mwa Dallas, ndiko Scott Miller alikoanzisha kampuni ya Apogee mwaka 1987. Mbinu yake ya biashara ilikuwa rahisi: sehemu ya kwanza ya mchezo iligawiwa bure na kila mtu aliruhusiwa kumnakilia mwenzake, na aliyetaka kujua mwisho wake alituma fedha kwa posta.

Kampuni changa ya id Software, iliyoundwa mwaka 1991, ilitumia njia hiyo hiyo. Mwaka 1992 ilihamia Mesquite, mji ulio mashariki mwa Dallas kama Irving ulivyo magharibi, na kukodi ofisi katika jengo jeusi lenye umbo la mchemraba.

Mwezi Mei mwaka huo ilitoa mchezo wa Wolfenstein 3D. Punde wachezaji walianza kuyafumua mafaili yake bila idhini, wakibadilisha picha na sauti. Mmoja wa waasisi, mtunzi wa programu John Carmack, alipoona hayo hakukasirika. Alipoanza kuandaa mchezo uliofuata aliujenga kwa namna ambayo wageni wangeweza kuingia bila kuvunja mlango.

Mlango ulioachwa wazi

Mchezo huo, Doom, ulitolewa tarehe 10 Disemba 1993. Kisa chake hakina mengi: askari mmoja, katika kituo kilichopo kwenye mwezi wa sayari ya Mirihi, anapambana na mashetani. Kilichoubadilisha ulimwengu wa michezo kilikuwa ndani, mahali ambapo mchezaji wa kawaida haangalii.

Doom iligawanywa mafungu mawili. La kwanza ni injini, yaani programu inayochora picha na kuendesha mchezo. La pili ni faili moja kubwa yenye ramani, picha, sauti na muziki. Faili za namna hiyo ziliitwa WAD, herufi zilizotokana na swali la Kiingereza lenye maana ya "data zote ziko wapi?"

Mtu aliyetaka kuongeza ramani yake hakuhitaji kuigusa faili ya awali. Alitengeneza faili yake ndogo, na injini iliisoma baada ya ile kubwa. Chochote ndani yake chenye jina lilelile kilichukua nafasi ya cha zamani. Faili hiyo ikiondolewa, mchezo ulirudi kama ulivyonunuliwa.

Ukarimu huo haukukosa hesabu. Kampuni iliwataka waandishi wa zana za kuhariri wahakikishe zinafanya kazi na mchezo kamili tu, ule uliolipiwa. Sehemu ya bure, yenye hatua tisa, ibaki kama ilivyo. Kila aliyetaka kuwa fundi alilazimika kwanza kuwa mteja.

Zana zenyewe hazikutoka Mesquite. Kampuni ilitumia kompyuta za NeXT, zilizokuwa ghali na adimu, hivyo chombo chake cha kuchorea ramani kisingemfaa mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani. Mwezi Januari 1994, wiki chache tu baada ya mchezo kutoka, Brendon Wyber wa New Zealand alitoa programu iliyoitwa DEU. Raphaël Quinet, aliyekuwa Ubelgiji, aliiendeleza. Watu wawili waliotenganishwa na nusu ya dunia walikuwa wameifungulia dunia nzima karakana.

Nyumba, shule na ofisi

Kazi ilifanana na ya mchoraji wa ramani za ujenzi. Mtu alichora mistari kana kwamba anaitazama nyumba kutoka juu, kisha akaeleza kila chumba kina sakafu na dari ya kimo gani, taa ya ukali gani, na adui gani anasubiri nyuma ya mlango.

Injini haikuruhusu chumba kimoja kukaa juu ya kingine. Ghorofa ya kweli haikuwezekana, na mafundi walishindana kubuni hila za kumfanya mchezaji aamini kuwa ipo.

Mchoro ulipokamilika, programu nyingine iliukata vipande vidogo ili injini ijue ni ukuta upi uchorwe na upi uko nyuma yake. Ramani ikiwa kubwa, mtu angeweza kwenda kupika chai na kurudi kabla kazi haijaisha. Kisha faili ilipelekwa kwa modemu, kupitia waya wa simu, hadi katika hifadhi za pamoja zilizokuwa kwenye kompyuta za vyuo vikuu na kampuni chache.

Ramani za mwanzo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za mahali watu walipopajua. Walichora nyumba zao, mabweni yao, shule walizosoma, ofisi walimofanya kazi. Nyingi zilikuwa mbaya: milango isiyofunguka, vyumba vitupu, maadui 30 sebuleni. Kuna jambo la kugusa moyo katika hilo, kwamba binadamu alipopewa uwezo wa kujenga jehanamu alianza na jiko la mama yake.

Zilikuwapo pia kazi kubwa. Mwezi Novemba 1994 Justin Fisher alitoa Aliens TC, iliyobadilisha mchezo karibu wote, picha, sauti na silaha, kufuata filamu ya Aliens. Katika hatua yake ya kwanza hakukuwa na adui hata mmoja, ila ukimya na giza tu. Katika mchezo uliozoeleka kwa milio ya risasi, huo ulikuwa ujasiri.

Kila faili iliambatana na waraka mfupi wa maandishi. Ulitaja jina la mtunzi, anwani yake ya barua pepe, muda alioutumia, zana alizozitumia na kasoro alizozijua. Mwishoni palikuwa na swali: je, wengine wanaruhusiwa kuichukua kazi hii na kuibadilisha?

Fedha zaingia

Swali hilo lilianza kupata uzito mwaka 1995. Kampuni za biashara zilikuwa zimegundua kuwa ramani hizo zikikusanywa kwa mamia kwenye diski moja, kama ile iliyoitwa D!Zone, zilinunulika madukani. Watunzi wengi hawakuulizwa wala kulipwa.

Jibu la id Software lilikuwa na nyuso mbili. Mwishoni mwa mwaka 1995 ilitoa Master Levels, mkusanyiko wa ramani ilizowalipa watunzi wa ridhaa kuzitengeneza, miongoni mwao Sverre Kvernmo wa Norway. Lakini ndani ya kasha hilohilo mlikuwa na mkusanyiko wa pili, Maximum Doom, wenye faili zaidi ya 1,800 zilizozolewa kutoka mtandao wa intaneti kama wafanyavyo wale wauza diski.

Kisa kingine bado kinazua ubishi. Kundi la watunzi lililojiita TeamTNT lilikuwa limetumia miezi mingi kuandaa hatua 32 ziitwazo Evilution, likiahidi kuzitoa bure. Siku ya kuzitoa ilipowadia, tangazo lilikuwa tofauti: id Software imezinunua. Waliokuwa wakisubiri walikasirika, wengine wakatamka neno usaliti.

Kazi hiyo iliuzwa mwezi Juni 1996 kwa jina la Final Doom, pamoja na Plutonia ya ndugu wawili Waingereza, Dario na Milo Casali. Ni vigumu kuwalaumu vijana waliolipwa kwa kazi yao. Ni vigumu pia kukana kwamba tangu siku hiyo kila mtunzi alijua kuwa kazi yake ya bure ina bei.

Wengine walipata ajira. Tim Willits aliingia id Software mwaka 1995 kutokana na ramani alizochora nyumbani. Kvernmo alikwenda Dallas kufanya kazi na Ion Storm, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 na John Romero, mmoja wa waasisi wa id, na iliyofunga ofisi yake ya Dallas mwaka 2001.

Kwa nini zama zilikwisha

Wengi huilaumu fedha. Sababu ya msingi zaidi ni gharama ya picha.

Mwaka 1994 mtu mmoja, kwa wiki moja, aliweza kutengeneza kitu ambacho jicho lisingekitofautisha na kilichotoka Mesquite. Mchezo wa Quake, uliotolewa mwezi Juni 1996, nao ulikuwa wazi kwa mafundi, na kutoka humo vijana wa Australia waliunda Team Fortress. Lakini dunia yake ilikuwa ya pande tatu halisi, na kazi iliongezeka. Doom 3 ilipotoka mwaka 2004, adui mmoja tu aliyeundwa kwa kiwango cha kampuni alihitaji ujuzi wa watu kadhaa. Mlango haukufungwa, kizingiti ndicho kilichopanda.

Wanaosema kuwa kazi za zamani zilikuwa bora wanakosea. Baada ya Carmack kuutoa hadharani msimbo wa Doom tarehe 23 Disemba 1997, watu waliokataa kuondoka waliuboresha, na ramani za miaka ya karibuni zinazipita zile za 1994 kwa kila kipimo. Wanachokitamani wazee hao ni ule usawa kati ya anayecheza na anayetengeneza.

Afrika Mashariki haikuwa na sehemu kubwa katika enzi hiyo, kwani kompyuta ya nyumbani ilikuwa anasa. Adventures of Nyangi, mchezo wa Mkenya Wesley Kirinya, ulitokea mwaka 2007, wakati kizingiti kilikwishapanda. Lakini vijana wa Kenya na Tanzania ambao leo hupaka rangi za mabasi ya safari za mikoani juu ya mabasi ya mchezo wa Kiindonesia katika simu zao wanafanya jambo lilelile: wanaingiza mahali wanapopajua ndani ya mchezo wa watu wengine.

Mwenye mali ni nani?

Mwaka 2009 id Software ilinunuliwa na ZeniMax, na mwaka 2021 ZeniMax yenyewe ikaingia mikononi mwa Microsoft, kampuni ambayo ofisi zake za eneo hili zipo Las Colinas, ndani ya Irving.

Mwezi Agosti 2024, wakati wa tamasha la QuakeCon katika mji jirani wa Grapevine, Doom na Doom II zilitolewa upya, safari hii zikiwa na sehemu maalumu ya kupakia na kupakua kazi za mafundi wa ridhaa. Katika siku za mwanzo tu zilipakiwa kazi na watu wasiozitunga, na watunzi wakalalamika, kama walivyolalamika miaka 29 kabla.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2023, ilitolewa bure ramani iitwayo MyHouse. Ilidai kuwa ni kazi ya rafiki aliyefariki, iliyokutwa katika diski kuukuu: nyumba ya kawaida, kama zile za 1994. Mchezaji akizidi kuzunguka, vyumba vinabadilika nyuma yake, na nyumba aliyoijua inakataa kumtambua.

Waraka mfupi wa maandishi bado unaambatana na faili katika hifadhi kuu, iliyohamishwa mara kadhaa na inayotunzwa na watu wa kujitolea. Katika zile za 1994 anwani nyingi ni za vyuo vikuu, na wenyewe walikwishahitimu zamani, barua haziwafikii. Palipoandikwa kuwa kazi isibadilishwe, na mtunzi hapatikani, watunzaji huiacha kama ilivyo, pamoja na mlango wake usiofunguka.