Arthur Lewis na Serikali Alizozishauri

Miongoni mwa wataalamu wa uchumi wa karne ya 20 ni wachache waliopata kuzishauri serikali mbili zilizopingana, ya mtawala na ya mtawaliwa aliyejikomboa, wakaachana na zote mbili kwa sababu zinazokaribiana. Mmoja wao alikuwa William Arthur Lewis, aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji wa Castries, kisiwani St. Lucia. Baba yake alifariki Arthur akiwa na umri wa miaka saba, na mama mjane akawalea wana watano. Alipomaliza masomo akiwa na miaka 14 alifanya kazi ya ukarani serikalini. Alitamani uhandisi, lakini alijua ya kuwa si serikali wala mashamba ya miwa ambayo yangemwajiri mhandisi mweusi. Hivyo mwaka 1933, alipopata msaada wa masomo, alikwenda London kusomea biashara, na njia hiyo ikamfikisha kwenye uchumi.

Mwaka 1938 akawa mwalimu katika chuo kile kile alichosoma, na mwaka 1948 akawa profesa huko Manchester. Katikati ya miaka hiyo alionja kazi ya ushauri kwa mara ya kwanza. Alikuwa katibu wa kamati ya uchumi iliyoishauri Wizara ya Makoloni ya Uingereza, lakini mwaka 1944 akajiuzulu, kwa kuwa wakubwa wa wizara walipenda kuwa na kamati kuliko kuyafuata maoni yake.

Makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1954. Humo alieleza jinsi nchi maskini ilivyo na watu wengi vijijini ambao kazi yao haiongezi sana mazao, na jinsi viwanda vinavyoweza kuwapata kwa ujira mdogo, faida ikarudishwa katika viwanda vipya. Wapo waliomsoma upesi wakadhani kwamba Lewis aliwadharau wakulima. La hasha! Katika makala hiyo hiyo alisema kwamba ujira wa mjini hufuata hali ya shambani: mkulima akiwa maskini, kibarua naye huwa rahisi. Ndiyo maana, aliendelea, watawala wa makoloni waliwanyang'anya watu ardhi au kuwashurutisha kufanya kazi, wala hawakujali kuyastawisha mashamba yao. Msomaji aijuaye historia ya nyanda za juu za Kenya hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Mwaka 1953 alikuwa amekwisha kuiandikia serikali ya Gold Coast taarifa juu ya viwanda. Shauri lake lilikuwa la kushangaza kwa waliotazamia kusifiwa mitambo: anzeni na chakula. Mkulima akipata mavuno mengi zaidi kwa kila mkono, atakuwa na fedha za kununua bidhaa, na watu watapatikana wa kuzitengeneza. Lakini serikali ilihitaji fedha, na fedha zilikuwa katika kakao. Mwaka 1954 bei ya mkulima iliwekwa kuwa shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, ilhali bei ya ulimwengu ilikuwa juu mno. Wakulima wa Ashanti walikasirika, na hasira yao ikazaa chama cha upinzani mjini Kumasi.

Ghana ilipojitawala mwaka 1957, Kwame Nkrumah alimtaka Lewis awe mshauri wake, naye akapelekwa kwa njia ya Umoja wa Mataifa akae miaka miwili. Hakuifikisha. Walihitilafiana juu ya mpango wa pili wa maendeleo: Lewis aliona fedha nyingi mno zinatengwa kwa majengo ya fahari mjini Accra, na haba mno kwa maji na barabara za vijijini. Nkrumah alimjibu kwa barua kwamba ushauri wake, hata ukiwa mzuri, ulikuwa wa upande wa uchumi tu. Yeye ni mwanasiasa, na hana budi kubahatisha juu ya siku zijazo. Jibu hilo lina haki yake, maana taifa changa haliongozwi kwa hesabu peke yake. Walakini kilichobahatishwa kilikuwa jasho la mkulima wa kakao, naye hakuulizwa. Mwisho wa mwaka 1958 Lewis akaondoka.

Hakunyamaza. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya siasa za Afrika Magharibi, akapinga utawala wa chama kimoja. Alisema nchi yenye makabila na majimbo mbalimbali hufaa kuongozwa kwa kushirikiana, si kwa mshindi kujitwalia yote. Mwaka huo huo Tanzania iliandika chama kimoja katika katiba yake ya muda. Mwaka uliofuata Nkrumah akapinduliwa na wanajeshi.

Lewis mwenyewe hakukwepa mzigo wa madaraka. Aliongoza Chuo Kikuu cha West Indies, na tangu 1970 hata 1973 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Caribbean. Sasa ni yeye aliyeombwa fedha na mawaziri. Mwaka 1979, akiwa profesa huko Princeton, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Theodore Schultz wa Marekani. Alifariki Barbados mwaka 1991, akazikwa St. Lucia, katika uwanja wa chuo chenye jina lake.