Estrojeni na Bakteria wa Utumbo: Historia ya Njia Iliyofichika

Estrojeni hutengenezwa zaidi katika ovari, lakini kiasi kinachobaki katika damu ya mwanamke hutegemea pia bakteria wa utumbo. Homoni hiyo ilitengwa mwaka 1929 na Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Safari yake tumboni ilikuja kufuatiliwa baadaye.

Ini huifunga estrojeni iliyokwisha kazi kwa asidi ya glukuroniki, kisha humwaga sehemu yake utumboni pamoja na nyongo. Ikibaki imefungwa, nyingi hutoka na kinyesi. Baadhi ya bakteria, hata hivyo, wana kimeng'enya cha beta-glukuronidesi kinachokata kifungo hicho. Homoni ikiwa huru hufyonzwa na kurudi katika damu.

Ushahidi ulikuja miaka ya 1970 huko Helsinki. Herman Adlercreutz na wenzake waliona kuwa wajawazito waliopewa ampisilini, dawa inayoua bakteria, walipungukiwa na estrojeni katika mkojo, huku iliyofungwa ikiongezeka katika kinyesi. Mwaka 1982, Barry Goldin na Sherwood Gorbach wa Boston waliwalinganisha wanawake 10 wasiokula nyama na 10 wanaokula. Kundi la kwanza lilikula gramu 28 za nyuzinyuzi kwa siku, la pili 12. Wasiokula nyama walitoa estrojeni nyingi zaidi chooni na kubaki na kidogo zaidi katika damu. Utafiti huo mdogo ndio uliolileta suala hili hadi jikoni. Mwaka 2011 Claudia Plottel na Martin Blaser walizipa jeni za bakteria zinazochakata estrojeni jina la pamoja: estrobolomu.

Tanzania iliingia katika historia hii kupitia chakula. Mwaka 2014, utafiti kwa jamii ya Wahadzabe ulikuta bakteria wa jenasi ya Treponema wakiwa wengi zaidi kwa wanawake, na watafiti wakahusisha tofauti hiyo na mizizi yenye nyuzinyuzi wanayochimba na kula. Huko Mamba, mkoani Katavi, tofauti kama hiyo ya nyuzinyuzi huanzia kwenye mashine ya unga wa mahindi: dona husagwa na pumba zake, sembe hukobolewa kwanza.

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro uliohusisha watu 77, ambamo wengi walibadilishiwa mlo, baadhi kutoka wa asili kwenda wa kisasa. Ni kazi muhimu sana, lakini washiriki wote walikuwa wanaume. Kwa estrojeni, kipimo kama hicho kinawahitaji wanawake wenyewe, na damu na kinyesi vichukuliwe kwa kufuata mzunguko wa hedhi.