Mtu Mmoja, Ala Nyingi: Albamu ya Hailu Mergia na Somo la Hakimiliki kwa Wasanii wa Simiyu

Mwaka 1985, mpiga kinanda wa jazi kutoka Ethiopia, Hailu Mergia, alitoa albamu aliyoirekodi peke yake jijini Washington, Marekani. Alipiga akodiani, piano ya umeme na sintesaiza, huku midundo ikitoka kwenye mashine.

Mergia alikuwa kiongozi wa Walias Band, iliyotumbuiza katika hoteli ya Hilton, Addis Ababa. Bendi hiyo ilizuru Marekani mwaka 1981, naye akabaki huko. Akiwa mbali na bendi, alitumia mbinu ya kurekodi kwa tabaka: ala moja hurekodiwa kwanza, kisha msanii huisikiliza na kupiga nyingine juu yake, hadi wimbo ukamilike. Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka 1941 Sidney Bechet alirekodi wimbo mmoja akipiga ala sita yeye mwenyewe.

Kwa Wasukuma, muziki umezoeleka kuwa kazi ya wengi, kama inavyoonekana katika mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika. Hata hivyo, kompyuta imemwezesha msanii wa Bariadi, Maswa au Meatu kurekodi sauti na ala zote peke yake.

Albamu ya Mergia ilitoka kwa kaseti, na baadaye mwenyewe akawa dereva wa teksi. Miaka 28 ilipita kabla kaseti hiyo, iliyopatikana Bahir Dar, kutolewa upya mwaka 2013 kwa makubaliano naye. Alirejea jukwaani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu. Hayo yaliwezekana kwa kuwa mwenye kazi alijulikana na aliombwa ridhaa.

Nchini Tanzania, haki hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Ulinzi huanza kazi inapobuniwa, na usajili husaidia kuthibitisha umiliki pindi mgogoro unapotokea.

Anayerekodi peke yake hana wanabendi wa kumshuhudia. Kwa sababu hiyo, msanii anashauriwa kuandikiana mkataba na mwenye studio kabla ya kurekodi, kutunza nakala za awali za kila ala pamoja na tarehe zake, na kusajili kazi yake kabla ya kuisambaza.